Akwariamu ya wanafunzi si ua la ofisini!

Mimi mzima kabisa, bumu limetoka, deni la mama ntilie nimelipa lote, kwa hiyo yanayofuata naandika nikiwa na akili timamu. Mtu asije akasema njaa. Nilipanga kuwaletea stori za kampasi na hizi UE zinazotunyemelea, ila zitasubiri. Leo nina hasira, na bora niimalizie hapa kuliko kwenda kugombana na watu kimbweta.

Wale mnaofuatilia hapa mnakumbuka TP yangu ya Julai na Agosti kule nyumbani Mwadui, na ile akwariamu ndogo ya maabara ya baiolojia niliyokuwa nawachosha nayo kila wiki. Basi, juzi mwalimu wa kujitolea niliyekuwa naye pale (shule siitaji, msinitafutie kesi) kanitumia ujumbe. Kikao kimekaa. Akwariamu inahamishwa kutoka maabara kwenda ofisi ya mkuu, kuna wageni wanakuja. Wale samaki wa lambo "watolewe", na vinunuliwe samaki wa dhahabu kutoka Mwanza ili "ipendeze".

Ipendeze!!! Jamani.

Sasa najua nusu yenu mnacheka. Eti huyu kaacha mambo ya msingi, mishahara ya walimu, ajira zenyewe hakuna, anapiga kelele kwa ajili ya boksi la kioo. Roommate kaniambia jana usiku: "Hivi wewe unasomea ualimu au uvuvi?" Nimemwambia asome hapa leo, atajibiwa.

Tuanze na boksi lenyewe, kwa wageni wa ukurasa huu. Ni kioo cha sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ukipiga hesabu unapata lita 54, ukitoa changarawe na ile nafasi ya juu yanabaki maji ya kama lita 45. Nani aliileta pale hakuna anayejua, kila mwalimu ana hadithi yake. Mwadui ndivyo ilivyo, imejaa vitu vilivyoachwa na watu waliokuwa na mipango. Tangu Williamson aigundue ile almasi mwaka 1940 mji umejengwa, umestawi, umebadilisha wenye mgodi sijui mara ngapi, na kila anayeondoka anaacha kitu ambacho anayekuja hajui kazi yake. Hata timu yetu ya mpira ilishuka Ligi Kuu mwaka 2021 ikatuachia fulana. Lakini hayo tuyaache, yataniuma bure.

Niliikuta ipo kona ya maabara nyuma ya mabango ya moyo na figo. Maji ya kijani mpaka huoni upande wa pili, yamepungua hadi nusu, juu kuna utando, na harufu yake bora nisiielezee maana wengine mnasoma mkiwa mnakula. Mkuu wa idara alisema iko hivyo miaka miwili na ilikuwa itupwe. Ndani alikuwamo samaki mmoja tu. Kambare! Urefu wa kiganja. Wengine wote waliokuwamo walikufa au aliwala, mimi naamini vyote viwili.

Mnajua kwa nini alipona yeye? Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, hii hii tunayovuta sisi. Maji yakiisha oksijeni anapanda, anagonga uso wa maji, anabugia, anashuka. Aliyeligundua hilo sikuwa mimi, ni binti wa Kidato cha Pili aliyekaa pale kwenye stuli kipindi kizima cha mapumziko akihesabu. Akaniuliza: "Sa, mbona huyu anakunywa hewa?" Wadau, nina miaka mitatu chuoni na sijawahi kusikia swali zuri kama hilo kwenye semina yoyote. Na swali hilo lilitoka kwenye boksi lililokuwa litupwe.

Hapo ndipo ilipoanzia kazi. Na hapa naomba nieleze vizuri, maana kila mtu anadhani kufufua akwariamu ni kumwaga maji machafu, kusugua na Omo, kujaza maji ya bomba na kutia samaki wapya. Ukifanya hivyo umeua, na umeua kwa sababu ya kemia ile ile tunayofundishwa tukaifundishe. Samaki anatoa amonia, kwa matamvua na kwa kinyesi. Kuna bakteria kwenye changarawe na kwenye sponji wanaoigeuza kuwa naitraiti, wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina sumu kali kama hizo mbili. Ule ule mzunguko wa naitrojeni ambao kila mwanafunzi anauchora kwa mishale kwenye daftari na hajawahi kuuona kwa macho. Bakteria hao wanahitaji wiki nne mpaka sita kuzaana vya kutosha. Ukisugua changarawe kwa maji yenye klorini umewafagia wote.

Halafu kuna mtego mwingine. Maji yaliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa yanakuwa na asidi, kwa sababu kazi ya hao bakteria inazalisha asidi na inamaliza ile kaboneti inayoizuia. Kwenye maji ya asidi amonia nyingi inakaa katika hali ya amoniamu, isiyomdhuru sana samaki. Sasa wewe mwenye huruma unakuja na ndoo tatu za maji safi yasiyo na asidi, unamwaga kwa mkupuo, ile amoniamu inarudi kuwa amonia yenyewe na samaki aliyevumilia uchafu miaka miwili anakufa kwa usafi wa siku moja! Halafu mnasema alikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo tulikwenda pole pole. Nusu ndoo inatoka, nusu ndoo inaingia, kila baada ya siku mbili, karibu wiki tatu. Maji ya bomba tuliyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini iondoke. Na hapo nikawapa wanafunzi stori ambayo wengi hawakuijua, kwamba maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama yanatoka Ziwa Victoria, chanzo chake kiko Ihelele kule Misungwi, mradi ambao Rais Kikwete aliuzindua mwaka 2009. Maji ya ziwa yamesafiri mpaka kwetu kwa bomba. Samaki wake tunawajua kwenye sahani tu.

Kambare hatukumrudisha. Boksi lile lingemshinda, kambare akikua anapita mita moja. Alikwenda kwa mzee mmoja mwenye bwawa la samaki jirani, ndani ya ndoo yenye mfuniko, maana anaruka yule. Wanafunzi walimsindikiza kama bibi harusi.

Na hapa ndipo penye ugomvi wenyewe. Boksi sasa ni zima, bakteria wapo, maji yanapitisha mwanga. Tunatia nini?

Hoja ya samaki wa dhahabu haikuanza juzi. Ilikuwepo tangu Agosti, nikaishinda, nikajua imekufa. Kumbe ilikuwa inanisubiri niondoke. Nimewasikia na walimu, na hata nyie washikaji zangu wa kampasi: samaki wa dhahabu wanavutia, wanapatikana, kila picha ya akwariamu duniani ina samaki wa dhahabu. Sawa. Huyo ni samaki wa China, Wachina wamemfuga karne nyingi, sina ugomvi naye. Ila akitunzwa vizuri anafika sentimita 20 na zaidi, na anaishi miaka kumi na kupita. Katika lita 45? Huyo hakui, anadumaa, na anachafua kuliko samaki wengi wa saizi yake, kwa hiyo amonia inapanda upya na tunarudi kule kule kwenye maji ya kijani. Mwaka mmoja tu mbele mtasikia "akwariamu imeshindikana, itupwe". Imeshindikana wapi? Nyie mmeingiza ng'ombe kwenye banda la kuku.

Sisi tulitia nini? Perege watano, kila mmoja kama urefu wa kidole gumba, kutoka lambo la ng'ombe lililokuwa linakauka. Watano tu. Umeme ukikatika, na unakatika, pampu ya hewa inazima, lakini visamaki vitano vidogo havimalizi oksijeni ya lita 45 kwa usiku mmoja. Chakula chao ni pumba kidogo, mara moja moja viluwiluwi vya mbu tunavyovua kwenye pipa la nyuma ya jiko. (Viluwiluwi bure, mbu wanapungua, mpishi anatushukuru. Hebu nioneshe mradi wa mfadhili wenye faida tatu namna hiyo.) Majani ya majini yalitoka lambo hilo hilo, yanafyonza sehemu ya ile amonia. Gharama yote ilikuwa sponji na mpira wa pampu.

Na masharti tuliyaweka. Perege anakua, boksi halikui. Kwa hiyo wale ni wa mkopo. Wanakaa muhula, wakizidi urefu wa kidole cha kati wanarudi lambo lile lile walikotoka, mvua zikishalijaza, wanachukuliwa wadogo wengine. Tulimuuliza ofisa uvuvi kwanza, maana kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na sitaki mwanafunzi wangu aanze kazi ya sayansi kwa kukamatwa. Alitupa maneno mawili, mtayapata.

Sasa sikilizeni hapa, maana hii ndiyo hoja ambayo kwenye kikao chao haikusemwa. Ukichanganya samaki wa dukani na hawa wa lambo hata kwa siku moja, mkopo umekufa. Samaki wa dukani wamepita kwenye maboksi mengi na wamebeba magonjwa na wadudu ambao lambo halijawahi kuwaona. Perege aliyekaa nao hawezi kurudi tena. Atakaangwa tu. Na hao wa dhahabu siku mkiwachoka, maana mtawachoka, kuna mtoto mwenye roho nzuri atawamwaga lamboni ili wasife. Hilo ndilo neno la kwanza la ofisa uvuvi: cha boksi kisiende majini kama hakikutoka majini hayo hayo.

Mtasema natia chumvi, samaki wawili watatu wataharibu nini. Nyie watu mnaokula sangara kila wiki mnaniuliza mimi samaki mgeni anaharibu nini?

Haya, tukumbushane. Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500 za furu. Mia tano! Wataalamu wanasema lile ziwa lilikauka na kujaa upya takribani miaka 15,000 iliyopita, na karibu furu wote hao wamechipuka ndani ya muda huo, jambo ambalo wanabaiolojia wa dunia nzima bado wanashika vichwa. Wanaokwangua mwani, wanaovunja konokono, wanaokula vifaranga vya wenzao, kila mmoja na meno yake. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara akaingizwa ziwani. Miaka ishirini kimya. Kisha miaka ya 1980 akalipuka, na upande wetu wa Mwanza furu ambao walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya samaki wa vilindini wakatoweka mbele ya macho ya watafiti waliokuwa wanawahesabu. Makadirio ni kwamba aina kama 200 zimepotea. Sangara ametupa viwanda, ajira na fedha za kigeni, sikatai, nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa na sangara. Lakini aliyemwaga ndoo ya kwanza hakuomba ruhusa ya furu, wala ya wavuvi wa furu.

Na hata pale sangara alipopungua, likaja la matope. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake waliandika kwenye jarida la Science kwamba maji ya ziwa yakichafuka, furu jike anashindwa kuona rangi ya dume. Na furu anachagua mume kwa rangi! Asipoiona anaolewa na yeyote, aina mbili zinachanganyika, zinakuwa moja. Fikiria spishi inakufa bila hata mtu kuivua, inakufa kwa sababu taa imezimwa.

Mmoja wa hao furu wa rangi naomba mumshike kichwani. Mwaka 1985 watafiti Witte-Maas na Witte kutoka Uholanzi walimwandika samaki mpya wa Ghuba ya Mwanza wakamwita Haplochromis nyererei. Ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu, mwaka ule ule aliong'atuka urais. Siku hizi wengi wanamwandika Pundamilia nyererei, yaani hata jina la ukoo ni Kiswahili. Dume lake mgongo mwekundu kama nyanya, mbavu za njano, mistari myeusi ubavuni. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wananunua na kuuziana, wanazalisha sebuleni, wanabishana juu ya wekundu wake. Baadhi ya furu wengine ambao ziwani walikuwa hatarini kizazi chao kililindwa kwenye akwariamu za huko huko.

Nimeuliza darasani kwetu hapa kampasi, walimu watarajiwa wa baiolojia, watu wanaokwenda kufundisha nchi hii: nani anamjua samaki wa Mwalimu? Kimya. Mmoja akasema sato. Samaki wa dhahabu je? Mikono yote juu.

Hiyo ndiyo aibu ninayoizungumzia. Na kabla hamjaniambia "basi leteni huyo nyererei Mwadui", hapana. Hata huyo mimi simtaki kwenye boksi lile. Kwanza lita 45 ni ndogo kwake, madume yake yanapigana balaa. Pili, na hili ndilo neno la pili la ofisa uvuvi, sehemu kubwa ya mito ya Shinyanga haiendi Ziwa Victoria. Manonga inashuka Kitangiri, inaendelea mpaka Eyasi. Ni bonde jingine. Furu wa Mwanza akitoroka kwetu ni mgeni kama huyo wa China, tofauti yao ni nauli tu. Uzalendo wa kubandika jina la Nyerere kwenye kioo bila kuangalia maji yanaelekea wapi sio uzalendo, ni mapambo mengine.

Wanaotaka uzuri nao nina jibu lao. Kwenye vidimbwi vya msimu vya nchi hii, vile vya udongo mzito wa mfinyanzi vinavyojaa masika na kukauka kiangazi, wanaishi visamaki vya jamii ya Nothobranchius. Vidogo, wengi hawapiti kidole, dume lina rangi utadhani limepakwa. Anazaliwa mvua ikinyesha, anakomaa kwa wiki chache, anataga kwenye tope, dimbwi linakauka, wote wanakufa, na mayai yanalala ndani ya udongo mkavu miezi mpaka mvua nyingine. Mtoto wa Kisukuma anapita juu ya mayai hayo na ng'ombe wake kiangazi kizima. Wazungu wanaagizana mayai hayo kwa posta ndani ya mfuko wa udongo mkavu, sitanii! Na ndugu yao mmoja wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, yupo maabara kubwa za dunia wakichunguza uzee kwa sababu maisha yake ni mafupi mno. Mvua hizi zikikolea nataka wale watoto wakachungulie vidimbwi vya mbugani kwao waone kama wapo. Wakiwakosa wamejifunza kutafuta. Wakiwapata... mwe!

Kwa wanaosema haya ni mambo ya shule za matajiri: mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata ijengewe maabara. Watu walichanga, wengine kwa nguvu, vyumba vikasimama. Mimi nimepita kwenye baadhi yake. Kuna meza, kuna sinki lisilo na maji, kuna makabati yamefungwa na ufunguo anao mtu aliyehama. Tunalia hatuna vifaa wakati lambo lipo mita mia tatu kutoka dirishani. Malambo mengi ya Usukuma yalichimbwa tangu enzi za mkoloni, kwenye ule mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, na kila moja ni maabara isiyohitaji ufunguo. Kinachohitajika ni ndoo, chujio, na akili ya tahadhari. Tahadhari nasema kweli, kwetu kichocho kipo. Nani anaingia majini? Mimi, nikiwa na gambuti na glavu, si wanafunzi. Majani yanakaguliwa, konokono wote wanatolewa maana ndio wanaobeba, na yanakaa kwenye ndoo safi siku mbili tatu kabla ya kugusa boksi, kwa sababu vile viluwiluwi vya kichocho visivyompata mtu vinakufa ndani ya siku moja au mbili. Hapo hapo umefundisha kichocho, na mwanafunzi hatasahau maana ameona glavu zinavyovaliwa.

"Darasa lina wanafunzi sabini, boksi moja litasaidia nini?" Hili swali ni la haki, aliniuliza mkuu wa idara mwenyewe na namheshimu. Tulifanya hivi: makundi ya wanane, dakika tano tano. Kila kundi linachagua samaki mmoja na kuhesabu mara ngapi kifuniko cha tamvua kinafunguka kwa dakika. Asubuhi, halafu saa nane mchana bati likiwa linaunguza. Namba za mchana zikawa kubwa. Kwa nini? Wakabishana siku mbili, mmoja akasema samaki wana njaa, mwingine akasema wanaogopa. Ndipo ikaja kemia: kwa usawa wa bahari maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama saba na nusu. Maji yenye joto yana hewa kidogo huku mwili wenyewe unadai zaidi. Hakuna aliyekariri hilo, walilifikia wenyewe. Daftari la hesabu hizo lipo, wamelijaza tangu Agosti, na baada ya mimi kuondoka wakaendelea bila kuambiwa na mtu. Zamu wanapangana, za Jumamosi mpaka wanagombania.

Ndiyo maana sitaki iende ofisini. Mwanafunzi anaingia ofisi ya mkuu kwa mambo mawili, bakora na kuitiwa mzazi. Nani atahesabu tamvua kule? Nani atashika stuli akae nusu saa? Daftari litafungwa wiki hiyo hiyo. Boksi litafutwa vumbi na mhudumu, samaki watalishwa na kila mgeni anayepita, chakula kitaoza, maji yatakuwa ya kijani. Nimeshawaambia yatakavyokuwa, mtakuja kuniuliza.

Na kama mnataka mfano wa kufufua kitu kilichotelekezwa msiende mbali, upo mkoani kwetu. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ikaanza HASHI. Mwanzoni ilikuwa miche ya vitalu, mingi ya miti ya kigeni, ipandwe kwa mistari. Kilichoinua ardhi zaidi ni ngitili za Wasukuma wenyewe, kutenga eneo, kuliacha, mizizi na mbegu zilizomo ardhini zichipue. Zilikuwa kama hekta 600, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikapita hekta 300,000. Babu zetu hawakwenda dukani kununua msitu. Walizuia ng'ombe wakasubiri.

Kuna mmoja wenu ataniuliza kama kumfungia samaki kwenye kioo si ukatili. Ni swali zito na jibu langu ni nusu: ndiyo maana ni watano, ndiyo maana ni mkopo. Mwenye jibu kamili aje na kiti tuongee.

Nimemwandikia mkuu barua, ya heshima kabisa, shikamoo nne, nimepunguza haya yote yakawa ukurasa mmoja. Nimependekeza hivi: wageni wakija waletwe maabara, na atakayewaeleza ni yule binti wa kambare. Dakika kumi tu. Kama baada ya hapo bado anataka ua la ofisini, nitachanga mwenyewe kwenye bumu nimnunulie ua la plastiki, halihitaji hata maji. Sijajibiwa.

Wakati nasubiri: mwenye pampu ndogo ya hewa ya akwariamu, hata mbovu, ile ya kule inanguruma kama bajaji na haitafika Januari. Niachieni kwa jamaa wa steshenari pale getini, andikeni "ya Mwadui".